TARAKIMU SI NAMBARI: JINSI TARAKILISHI INAVYOSOMA DAFTARI LETU LA MVUA

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli, lakini walisema kabla tarakilishi hazijafika huku kwetu milimani. Siku hizi mali inaweza kuwa na daftari, daftari likaingizwa katika tarakilishi, na bado mali ikapotea bila habari. Inapotelea mahali padogo sana, pale ambapo maandishi hugeuzwa kuwa nambari. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ya kugeuza inavyofanyika, jinsi ya kuifanya upesi, na kwa nini mwenye kuandika programu hana budi kuamua mambo kadhaa ambayo mashine haiwezi kumwamulia.

Mfano wangu ni wa hapa hapa nyumbani. Shule yetu ya kutwa hapa Mghange ina kituo kidogo cha hali ya hewa nyuma ya maabara. Kuna kipimamvua, kuna kielekezi cha upepo, na kuna kile kisanduku cheupe chenye miguu ambamo themomita hukaa. Kila siku saa tatu asubuhi mwanachama mmoja wa Chama cha Jiografia huyamimina maji ya kipimamvua katika silinda ya kupimia, akasoma milimita, akaandika katika daftari. Jumamosi na Jumapili bawabu wetu ndiye hutusomea, Mungu ambariki. Basi madaftari yamekuwa mengi. Lakini ukungu wa milima hii hauna huruma na karatasi, na daftari lililo chini kabisa kabatini kurasa zake zimeanza kushikana kama chapati mbichi. Ndiyo maana sisi wa Kidato cha Tatu tunaosoma somo la tarakilishi tulipewa kazi ya kuyachapa yote kabla hayajaoza.

Hebu fikiria uzito wa kazi hiyo. Daftari likishaoza, kitakachobaki ni kile tulichokiingiza sisi. Likiingia kosa, halitakuwa kosa tena, litakuwa historia. Na historia ya mvua si mchezo kwa watu wanaoishi kwa jembe. Mahindi na maharagwe yetu yangoja mvua ya masika, Machi hadi Mei, na ile ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na mnamo Septemba 2021 serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kaunti yetu ya Taita Taveta imo katika zile zinazohesabiwa kuwa kame na nusu kame. Kisha masika ya 2024 yakaja na mafuriko nchini. Anayetaka kujua kama mvua zimebadilika kweli, au ni sisi tu tunaosahau, atahitaji nambari za kuaminika. Hapo Wundanyi Chuo Kikuu cha Helsinki cha kule Finland kina kituo chake cha utafiti, nao wataalamu wake huchunguza mambo kama haya wakiwa na mitambo. Sisi tuna chupa na daftari. Hata hivyo, kanuni ya kugeuza maandishi kuwa nambari ni moja kwao na kwetu.

SHANGA UZINI

Neno tarakilishi lenyewe lina tarakimu ndani yake, ukilisikiliza vizuri. Ni ajabu basi kwamba ukiibonyezea tarakimu, mashine hii haioni nambari. Inaona alama tu, kama inavyoona herufi A au alama ya kuuliza. Ukichapa 365, inapokea alama tatu zilizofuatana, kama shanga tatu zilizotungwa uzini. Kwa hivyo mfuatano wa namna hii nitauita tungo. Tungo "365" na nambari 365 ni vitu viwili tofauti, kama vile jina la ng'ombe lilivyo tofauti na ng'ombe mwenyewe. Jina huwezi kulikama.

Hasara yake ni nini? Chukua tungo "12" na tungo "5" uiambie lugha ya Python izijumlishe. Utapata "125". Imezifunga shanga pamoja, kwa sababu kujumlisha tungo maana yake ni kuziunganisha. Sasa chukua vipimo vinne vya mvua, yaani "12.4", "3.6", "20.0" na "8.0", uulize kipi ni kikubwa. Ikiwa bado ni tungo, jibu litakuwa "8.0". Mashine hulinganisha shanga ya kwanza na shanga ya kwanza, kama kamusi inavyopanga maneno, na alama ya 8 huja baada ya alama ya 1, ya 2 na ya 3. Wala haijali kwamba siku ya milimita 20.0 maji yalikuwa yakipita darasani kama mto.

KANUNI YA KUMI

Kugeuza kwenyewe hufanyikaje? Katika mada yetu ya uwakilishaji wa data tunafundishwa kwamba kila alama ina nambari yake ya siri. Mpango wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, uliipa alama ya 0 nambari 48, alama ya 1 ikapewa 49, na kuendelea hadi alama ya 9 ambayo ni 57. Kwa hivyo mashine ikitaka kujua thamani ya alama ya 7, huchukua 55 ikatoa 48, ikabaki 7. Hesabu ya darasa la pili!

Hiyo ni tarakimu moja. Tungo nzima je? Sisi Waswahili tunaposema mia tatu sitini na tano tunaigawa nambari kwa vyeo vyake, mia, makumi na mamoja. Tarakilishi huenda kwa njia fupi zaidi. Huanza na sufuri mkononi, kisha kwa kila shanga inayokutana nayo huzidisha kwa kumi kile kilicho mkononi na kuongeza thamani ya shanga hiyo. Tufuatane na "365":

Sufuri mara 10, ongeza 3, unapata 3.
3 mara 10, ongeza 6, unapata 36.
36 mara 10, ongeza 5, unapata 365.

Uzuri wa njia hii ni kwamba uzi unapitiwa mara moja tu, kushoto kwenda kulia, na huhitaji kujua mapema tungo ina shanga ngapi. Ikiwa na shanga kumi, hatua ni kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazee wa Lamu na Mombasa waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu walitumia tarakimu za maumbo mengine. Je, kanuni yetu ingewashinda? Hata kidogo. Katika mpango mpana wa alama unaoitwa Unicode, tarakimu hizo huanzia 1632 kwa sufuri na kuishia 1641 kwa tisa. Badala ya kutoa 48 unatoa 1632, na mengine yote yanabaki vile vile. Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, huzisoma tarakimu hizo bila kubishana. Ndiyo kusema umbo la shanga si kitu, thamani ndiyo kitu.

Nukta nayo huleta shughuli yake. Milimita 12.4 si nambari kamili, na tarakilishi huhifadhi nambari kwa vipande vya mbili mbili, si vya kumi kumi kama vidole vyetu. Kipande kama moja ya kumi hakiingii humo sawasawa, kama vile theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2, inakujibu 0.30000000000000004. Kidogo sana, lakini kinaudhi. Dawa yake ni rahisi: weka vipimo vyote kwa sehemu za kumi za milimita. Basi 12.4 inakuwa 124, na 20.0 inakuwa 200, nambari kamili zisizo na utata. Unajumlisha kwa usalama, na nukta unairudisha mwishoni wakati wa kuchapa jibu.

GEUZA MARA MOJA, TENA MLANGONI

Sasa tuje kwenye upesi. Wengi hudhani upesi ni kununua mashine mpya. Lakini wapi! Upesi mwingi hutokana na kutorudia kazi iliyokwisha fanywa.

Tuseme una vipimo vya mwaka mzima, siku 365, navyo bado ni tungo. Unataka kuvipanga kutoka kidogo hadi kikubwa. Tuseme pia unatumia ile njia ya mwanzo kabisa ya kulinganisha kila siku na kila siku nyingine. Siku 365 zikilinganishwa mbili mbili zinatoa milinganisho 66,430. Ikiwa programu yako inageuza tungo mbili kila inapolinganisha, basi utageuza mara 132,860. Lakini ukigeuza orodha yote kwanza, kila tungo mara moja, ukaiweka orodha mpya ya nambari kando, utageuza mara 365 tu. Milinganisho ni ile ile na jibu ni lile lile, ila umejiondolea kazi ya bure zaidi ya laki moja na thelathini elfu. Ni kama mama anayekoboa mahindi yote asubuhi, na mwingine anayekoboa punje moja moja kila anapotaka kutia moja chunguni. Wote watakula githeri, lakini mmoja atakula usiku wa manane.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: geuza mlangoni. Data inapoingia tu, igeuze, na baada ya hapo programu nzima ishike nambari, si tungo. Kuna faida ya pili ambayo naiona kubwa kuliko upesi. Ukigeuza mahali pamoja, uamuzi wako unakaa mahali pamoja. Ukigeuza hapa na pale na kule, leo utaamua hivi na kesho vile, na hesabu mbili za daftari moja zitagombana.

WAGENI WASIOALIKWA

Nimesema uamuzi. Kwani kuna cha kuamua? Kipo, tena kingi, kwa maana daftari limeandikwa na binadamu. Hizi hapa ni siku kumi zilizofuatana, kama zilivyo katika daftari letu:

12.4, 0, 3.6, TR, (tupu), (tupu), (tupu), 20.0, 0, 8.0

TR ni alama ya watu wa hali ya hewa ya kuonyesha kwamba mvua ilidondoka lakini haikufika hata mstari mdogo wa silinda. Manyunyu tu. Na zile tupu tatu? Mbuzi wa jirani aliingia uani akaangusha kipimamvua, maji yakamwagika, na ikachukua siku tatu kukirudisha mahali pake na kukikaza sawasawa.

Ukiipa Python tungo "TR" na kuiamuru igeuze, itasimama papo hapo na kulalamika. Wanafunzi wengi hukasirika. Mimi nasema mashine inayolalamika ni rafiki. Ogopa ile inayonyamaza. Programu ya majedwali kama Excel, ukiiambia ijumlishe safu, huruka visanduku vyenye maandishi bila kukuambia kitu. Mtu aliyechapa herufi O badala ya sufuri, "2O.0", ataona jumla nzuri imetokea, kumbe mvua kubwa kuliko zote haimo. Na ukitafuta kipimo kikubwa kati ya tungo zisizogeuzwa, utaambiwa ni TR! Herufi T ni 84 katika ASCII, imezipita tarakimu zote. Eti manyunyu ndiyo yameshinda gharika.

Basi sisi tulikubaliana juu ya hatua hizi, nazo zikaandikwa mahali pamoja tu katika programu:

1. Ondoa nafasi zilizo mwanzoni na mwishoni mwa tungo.
2. Jaribu kuigeuza. Ikikubali, ihifadhi na uende mbele.
3. Ikikataa, tazama kama ni TR. Ikiwa ndiyo, hesabu 0 katika jumla, lakini iandike siku hiyo kuwa siku ya manyunyu.
4. Ikiwa ni tupu, andika HAIKUPIMWA. Usiandike 0.
5. Ikiwa ni kitu kingine chochote, usikisie. Weka tarehe yake katika orodha ya mashaka, mtu akafungue daftari atazame kwa macho yake.

Angalia mpangilio huo. Kujaribu kugeuza kumekuja mbele kwa sababu siku nyingi za mwaka zina nambari safi. Hao wengi wapite haraka, na maswali wabaki nayo wachache wenye matatizo. Ukianza kwa kumhoji kila mmoja kama ni TR, kama ni tupu, kama ni kitu gani, umewachelewesha mamia kwa ajili ya kumi.

SUFURI NA KIMYA

Nataka tukae kidogo kwenye hatua ya nne, maana hapo ndipo penye roho ya makala haya.

Jumlisha siku zile kumi. 12.4 na 3.6 na 20.0 na 8.0 ni milimita 44.0. Sasa tafuta wastani wa siku. Ukizifanya zile tupu tatu kuwa sufuri, utagawa kwa siku 10 upate milimita 4.4. Ukizihesabu siku zilizopimwa peke yake, utagawa kwa 7 upate karibu milimita 6.3. Tofauti hiyo si ndogo, na imetokana na mbuzi mmoja. Hata kanuni ya hesabu haikuvunjwa. Kilichofanyika ni kwamba mtu aliamua kuwa kutojua ni sawa na kujua kwamba hapakuwa na kitu.

Kwenye halijoto kosa kama hili hujitangaza lenyewe. Ukiona tarakilishi inasema Mghange juzi ilikuwa nyuzi 0 saa sita mchana, utacheka, utasema maji yangeganda kisimani. Lakini mvua sufuri ni jambo la kawaida. Siku nyingi za mwaka ni sufuri kweli. Kwa hivyo kosa la mvua hujificha katikati ya ukweli kama nyoka katika majani makavu. Miaka kumi baadaye mtu atafungua nambari zetu aone siku kavu nyingi kuliko zilizokuwapo, na atasema, "Loo, kumbe Mghange ukame ulianza zamani!" Au atakuwa anatafuta ukame wa kweli, ule wa mwaka 2021, na hataweza kuutenga na wiki ambazo hakukuwa na mtu wa kupima. Na daftari la kumsahihisha halipo, limekwisha oza.

Wapo waliosema tuache mambo marefu, tuweke sufuri kila mahali ili programu isisumbue. Ni kweli ingekuwa rahisi. Mstari mmoja wa programu ungetosha. Lakini urahisi huo ni wetu sisi, gharama yake italipwa na wengine. Nyanya yangu hajui tarakilishi, ila ukimuuliza mvua ya mwaka fulani asiyoikumbuka, hukwambia wazi, "Hiyo siijui, mwanangu." Hasemi haikunyesha. Kama nyanya anaweza kutenganisha hayo mawili, programu yetu nayo iweze.

NAMBARI SAHIHI, MAANA IMEPOTEA

Kuna mtego mwingine ambao ni wa Waswahili hasa. Daftari letu lina safu ya saa. Mmoja ameandika 3, akimaanisha saa tatu asubuhi. Mwingine ameandika 9, akifuata saa ya ukutani ya Kizungu. Wote wawili walipima wakati mmoja! Lakini 3 hiyo hiyo, kwa Mzungu, ni saa tisa alasiri, na 9 ya Mswahili aliyepima alasiri inafanana na 9 ya Mzungu aliyepima asubuhi. Tungo "3" itageuka kuwa nambari 3 bila shida yoyote, mashine haitalalamika, na hakuna atakayejua. Hapa dawa haimo ndani ya tarakilishi. Dawa ni kuuliza aliyeandika alikuwa na mazoea gani, na kuanzia leo kuandika sote namna moja.

Alama ya mkato nayo ina vituko vyake. Hapa Kenya ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, huandika Ksh1,250.00, na sote tunaelewa ni shilingi elfu moja mia mbili na hamsini. Mkato hutenganisha maelfu. Lakini wenzetu wa Kongo waliosoma kwa Kifaransa huandika desimali kwa mkato, kwa hivyo 12,4 kwao ni kumi na mbili nukta nne. Programu inayofuta kila mkato itasoma pesa zetu sawasawa, ila mvua ya Mkongo itaigeuza kuwa milimita 124. Kabla hujafuta kitu, jua kimewekwa na nani na kwa nini.

TARAKIMU ZISIZOTAKA KUGEUZWA

Baada ya kujifunza kugeuza, mtu hutamani kugeuza kila kitu. Subiri kwanza. Kuna tarakimu ambazo si nambari na hazitaki kuwa nambari. Nambari ya simu ni mfano mmoja. Huanza na 07 au 01, na ukiigeuza, sufuri ya mbele huanguka, kwa sababu kwa nambari 0712 na 712 ni kitu kimoja. Hakuna anayejumlisha simu mbili apate simu ya tatu. Hizo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu, nazo ziachwe zikiwa tungo.

Hili si jambo la kubuni. Namjua msichana mmoja ambaye nambari yake ya usajili shuleni huanza na sufuri. Aliomba basari, akapata. Lakini mahali fulani orodha ilipochapwa, programu iliichukua nambari yake ikaigeuza, sufuri ikadondoka, na jina lake likaonekana halilingani na nambari yoyote ya shule yake. Hundi ikaja bila yeye kuwemo. Alitumwa nyumbani kwa ajili ya karo, akakaa nje ya darasa wiki mbili nzima za muhula akingoja karatasi zirudi na kusahihishwa. Hakuna aliyemwibia wala aliyemchukia. Ni shanga moja tu iliyodondoka uzini, na hakuna aliyeisikia ikianguka.

Asije mtu akadhani ni mambo ya vijijini peke yake. Wanasayansi wakubwa wa ulimwengu yaliwapata hayo hayo. Jeni za binadamu hupewa majina ya kifupi, na baadhi yake yalikuwa MARCH1 na SEPT1. Programu ya majedwali, kwa kupenda kusaidia, ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe, Machi mosi na Septemba mosi. Mwishowe, kufikia mwaka 2020, kamati inayosimamia majina ya jeni iliamua kuyabadilisha majina yenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Si unaona? Wataalamu walibadilisha majina kwa sababu mashine iligeuza kisichotakiwa kugeuzwa.

Swali la kujiuliza basi ni jepesi: je, nitaijumlisha hii, au nitailinganisha ipi kubwa? Ukijibu ndiyo, igeuze. Ukijibu hapana, iache ilivyo.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, nimekupitisha njia ndefu, na sasa naomba nitie nanga. Tarakilishi huigeuza tungo kuwa nambari kwa kutoa 48 na kuzidisha kwa kumi, nayo haichoki. Upesi hupatikana kwa kugeuza kila tungo mara moja, mlangoni. Lakini ni sisi tunaoamua ni kipi kigeuzwe, kipi kiachwe, na kimya kiandikwe vipi.

Nina ombi kwa wanachama wa Chama cha Jiografia na kwa bawabu wetu mpendwa. Tafadhalini, siku isiyo na mvua andikeni 0. Siku ambayo hapakupimwa, kwa sababu yoyote ile, iwe mbuzi au ugonjwa au likizo, msiache mahali patupu, andikeni HAIKUPIMWA kwa wino. Saa iandikwe kwa maneno, saa tatu asubuhi, ili Mswahili na Mzungu wasigombane ndani ya mashine. Na nyinyi mtakaoshika kazi hii mwaka ujao, ile orodha ya mashaka bado ina tarehe ambazo kurasa zake hazijafunguka. Zifungueni polepole, kwa kisu chembamba, siku ya jua.